Miji Sita kwa Siku Tisa? Tupunguze

Wazee wa jumuiya yetu wamenionyesha ratiba ya hija yao ya treni huko Ulaya, baada ya Pasaka: Roma, Assisi, Padua, Paris, Lisieux na Lourdes, kwa siku tisa. Naomba tupunguze. Watu wamedunduliza miaka mitatu; wasiende kuona stesheni tu.

Tuchukue Assisi. Kutoka Roma ni kama saa mbili na nusu. Lakini stesheni iko chini bondeni na mji uko juu kilimani, kwa hiyo ni basi tena, na mizigo, na magoti ya wazee. Huko huko chini, ndani ya basilika ya Santa Maria degli Angeli, kimo kikanisa kidogo cha Porziuncola. Karibu nacho ndipo alipofariki Mtakatifu Fransisko mwaka 1226. Mwenye haraka hukipita akikimbilia basi.

Mimi ningeweka siku nne Roma, mbili Assisi, tatu Padua. Ufaransa ingoje. Najua bibi mmoja atanuna, maana yeye anaitaka Lourdes. Basi waende Ufaransa peke yake, na Italia ndiyo ingoje.