Jibu kwa Wanaomngoja Mlezi

Muungwana aliyeandika kwamba kijana wa Mpanda aliyesikia wito wa Kristo asijitoe mzima mpaka apate kwanza mlezi wa roho, aliyekamilika kwa elimu na tabia, ametoa nasaha tamu masikioni na dhaifu katika hoja. Na aende Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, humu humu mkoani Katavi, akaulize habari za Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari wa Mapadri Weupe, kisha akasomeshwa utabibu huko Malta kwa mpango wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, ndipo akaja Karema. Kardinali alifariki mwaka 1892. Askofu Lechaptois, mlezi wake huko Karema, naye akafariki mwaka 1917. Atiman, ambaye hakuwa padri bali katekista mwenye familia, akaendelea kutibu na kufundisha hapo Karema hadi mauti yalipomfika mwaka 1956. Sikatai ulezi, hasha, kwani bila huo asingefika Malta. Nakataa udhuru uliovikwa joho la hekima. Au ndugu yetu angemshauri Atiman aweke chini dawa na katekisimu kila alipozikwa mlezi, hata apatikane mwingine?