Mizinga ya Mti

Mwanafunzi mmoja wa Baraka ametuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Amesoma kwamba katika vita vya 1914 Wadachi walikuwa na meli kubwa kupita zote za Ziwa Tanganyika, na bandari yao ilikuwa Kigoma, ng'ambo ya Ubwari kuelekea kusini-mashariki. Basi, auliza, ilikuwaje wakaiacha bandari hiyo na kuizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe?

Jibu fupi ni hili: walipungukiwa watu, na mizinga yao ikachukuliwa.

Tuanze na watu. Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi waliizamisha meli yao Möwe huko Dar es Salaam, isije ikatekwa na Waingereza. Kapteni wake, Gustav Zimmer, akapanda gari la moshi pamoja na mabaharia wake hadi Kigoma, maana reli ilikuwa imefika huko mwaka ule ule. Hao, na wachache walioongezwa baadaye, ndio waliopewa kulinda ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 600. Hata hivyo mwanzoni walitosha, kwa kuwa Wabelgiji nao walikuwa maskini wa silaha. Tarehe 22 Agosti meli ndogo Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune huko Lukuga, na tangu hapo ziwa likawa la Wadachi.

Kisha ikaja ile meli kubwa, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kuanza kazi mwezi wa Juni 1915. Mzinga wake mkubwa, wa milimita 105, ulitolewa katika manowari Königsberg iliyoangamia mtoni Rufiji. Tazameni ufukara huo: bandari ilijipatia mabaharia kutoka meli moja iliyokufa, na mzinga kutoka nyingine. Kingani, meli yao nyingine, ilikuwa na mzinga mmoja mdogo ulioweza kupiga mbele tu. Ilipofuatwa kwa nyuma na mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, tarehe 26 Desemba 1915, ilitekwa kwa muda wa dakika chache. Hedwig nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916.

Hapo ndipo bandari ilipohitaji nguvu zaidi, na hapo ndipo iliponyang'anywa. Mkuu wa majeshi, von Lettow-Vorbeck, alitaka mizinga kwa vita vya nchi kavu. Ule mzinga wa milimita 105 ukashushwa melini, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa kwa mfano wake. Watu wa milimani kwetu Fizi wakisikia habari ya mzinga wa mti hufikiri nyuki na asali. Lakini huu haukuwa na hata nyuki.

Wala haukuwa wa pekee. Tarehe 5 Juni 1916 mashua za Waingereza zilifika Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kusini mwa ziwa. Mkuu wao, Spicer-Simson, akaiona ngome na mizinga yake, akarudi nyuma. Wadachi waliokuwa ndani wakapata nafasi, wakatoroka kwa majahazi. Baadaye akaambiwa kwamba mizinga ile ilikuwa ya mti mtupu. Wengine humcheka. Sisi hatuthubutu kumcheka sana, kwani mwenye kuitazama ngome kutoka majini hana njia ya kuligonga gogo kwa kidole.

Kwa hiyo, kijana wetu, usidhani kwamba Zimmer alikosa moyo. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma kwa nchi kavu mwezi wa Julai, gogo halingewazuia. Tarehe 26 Julai 1916 aliizamisha Graf von Götzen, na siku mbili baadaye bandari ikawa mikononi mwa Wabelgiji.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu hulipita upesi. Upungufu wa wakubwa hujazwa na nani? Mimi na Toutou hazikuruka angani. Zilikokotwa kutoka Fungurume hadi Sankisia, kupitia milima ya Mitumba, safu ile ile inayofika kwetu, kwa njia iliyofyekwa na watu wa Katanga, juu ya madaraja zaidi ya 100 waliyoyajenga. Injini za kukokota zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyaleta katika vyungu vichwani mwao. Na majeshi yalipokwenda Tabora, wapagazi walikwenda kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Majina ya makapteni twayajua. Ya hao wanawake hakuna aliyeyaandika.

Neno moja tu juu ya meli. Kabla haijazamishwa, mafundi kutoka Papenburg waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Iliinuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, kwa mitambo ile ile. Wengi wa kwetu waliovuka kwenda Kigoma mwaka 1996 wanalijua jina hilo, kwa maana mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha wakimbizi wa Kongo makwao.