Joto la ziwa linaonekana lini?

Mchimbaji akiwa shimoni na hewa ikapungua, pengine kifua kinamwambia, ingawa si kila mara. Ziwa, hapana, linaficha miaka mingi. Kule Tanganyika joto la maji lilipimwa mwaka 1913, na ni 2003 ndipo wataalamu walilinganisha na kutangaza: dunia inapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki tena vizuri, oksijeni haishuki kama zamani, chakula cha ndagala kimepungua. Miaka 90!

Sisi wa Kiwanja tunakula samaki wa Vitshumbi. Wakikosa sokoni tunalaumu nyavu haramu na wingi wa mitumbwi. Ziko, ndiyo. Lakini bila kupima maji ya Ziwa Edouard kila mwaka, nani atatenganisha kosa la nyavu na kosa la joto? Mvuvi ndiye atabeba yote.