TAHARIRI: NYUMBA YA MWALIMU ISINGOJE UDONGO ULAYA



Msingi wa nyumba ya mwalimu umeota nyasi. Tulichimba pamoja, tukabeba mawe pamoja, kisha kazi ikasimama. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: tunangoja saruji. Tukiwa tunangoja, walimu wawili wamekuja, wakaona pa kulala, wakaomba uhamisho. Wanaolipa ni watoto wetu.

Mwaka 1977, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu Nyerere alitukanya juu ya jambo hilihili. Alieleza kuwa saruji nayo ni udongo, ila tunaiita udongo Ulaya, na kwa kuingojea tunaacha kujenga kwa vitu tulivyo navyo. Jamani, maneno hayo ni ya zamani, mbona sisi bado tunangoja?

Tuwatazame wenzetu wa Gando, kijiji cha Burkina Faso. Mtoto wa kijiji hicho, Francis Kéré, alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, halafu akasomea usanifu wa majengo. Kabla hajamaliza masomo alichangisha fedha, akarudi kwao kujenga shule ya udongo. Watu walishangaa: mtu atoke Ulaya atuletee udongo, nao kila mwaka unabomolewa na mvua? Kéré hakugombana nao. Alichora mchangani ili kila mtu aone. Lilijengwa tao la mfano, watu wakapanda juu wakarukaruka, halikuvunjika. Basi wakakubali. Watoto walileta mawe ya msingi, wanaume wakafyatua matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo tu, akina mama wakashindilia sakafu. Shule ikaisha mwaka 2001.

Lakini mwalimu hakai kijijini bila nyumba ya maana. Gando walilijua hilo, wakajenga na nyumba za walimu kwa udongo uleule, zenye kuta nene zinazozuia joto la jua. Shule yao ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Kéré alifungua ofisi yake Berlin mwaka 2005, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu wa majengo wanaiheshimu kuliko zote.

Hatusemi udongo hauna masharti. Unataka msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, upenu mpana wa kuzuia mvua, na kupimwa kwanza. Kupima si kazi kubwa: tia udongo kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, acha utulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka; ukipungua mno, litamong'onyoka. Wala tusikimbilie kuchoma tanuri, maana miti tuliyobakiza ni michache.

Hata hivyo kosa letu kubwa haliko kwenye udongo wala saruji. Tuliitana kubeba, hatukuitana kupanga. Ramani ililetwa imekwisha chorwa. Mwalimu hakuulizwa. Akina mama, wanaojua jiko likae upande gani moshi usiingie ndani, nao hawakuulizwa. Kazi ambayo mtu hakushauriwa, huichoka mapema. Ushirika si mabega tu, ni vichwa pia.

Kwa hiyo tunauomba mkutano ujao wa kijiji uamue mambo matatu. Kwanza, ramani ichorwe upya uwanjani, mwalimu, mafundi na akina mama wakiwapo. Pili, udongo wa sehemu mbalimbali za kijiji upimwe kabla ya kufyatua hata tofali moja. Tatu, saruji kidogo iliyopo stoo itumike pale tu ambapo udongo peke yake hautoshi.

Mvua hazimngoji mtu. Tukianza sasa, mwalimu ajaye atakuta mlango wa kufungua. Tukingoja, atakuta nyasi.