Klachi haiuliwi na tela peke yake

Mwandishi wa makala ya klachi kuungua, umesema kweli kuhusu uzito wa tela, ila mlima umeupitia juujuu. Mwaka jana nilivuta tela la magunia ya kahawa kwa pikapu, napandisha mlima kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu. Mbele lori likasimama, nami nikaishikilia gari kwa klachi badala ya hendibreki. Dakika chache tu, harufu kama ya mpira unaoungua ikajaa ndani. Injini inavuma, gari haisogei. Fundi wa Muleba alipofungua, klachi pleti ilikuwa nyeusi, imelika hadi kwenye ribiti. Nawe msomaji mwenzangu uliyetoa maoni kwamba kinachoua klachi ni pleti feki, yangu ilikuwa halisi. Iliungua kwa kuteleza. Ukisimama mlimani vuta hendibreki, ondokea gia namba moja, na mguu usikae kwenye pedeli ya klachi.