Dubai Haikujengwa na Mchanga, Wala Haitazikwa Nao

Katika juma lile la Aprili 2024 ambalo mvua iliigharikisha Dubai, magari yakielea katika njia kuu na ndege zikishindwa kutua katika kiwanja kilichogeuka ziwa, nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akiwaambia wasikilizaji wake, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri, kwamba mji ule ulijengwa mahali pasipostahili mji, kwamba jangwa halisahau na iko siku litakuja kutwaa kilicho chake, na kwamba atakaye kuiona hatima ya Dubai kabla haijafika na acheze mchezo wa video uitwao Spec Ops: The Line. Kijana mmoja akapiga simu kumuunga mkono. Akasema yeye hajapata kupanda ndege katika maisha yake, walakini Dubai anaijua kuliko mjomba wake afanyaye kazi huko, maana ameitembea katika gemu mtaa kwa mtaa. Mtangazaji akamsifu. Tangu siku ile sijapata raha, wala si kwa sababu ya kijana, ambaye kukosea ni haki ya umri wake, bali kwa sababu mtu mzima aliyekabidhiwa kipaza sauti, siku ambayo mji unazama katika maji, aliwahubiria watu kwamba adui wa mji huo ni mchanga.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, habari yake ni hii. Ulitengenezwa Berlin na kampuni ya Yager, ukauzwa na 2K Games kuanzia Juni 2012. Ndani yake Dubai imepigwa na tufani za mchanga zisizopata kuonekana duniani, hata vilima vimepanda mpaka orofa za juu za majumba, wenye mali wamekwisha kukimbia, na kikosi cha askari wa Marekani kilichobaki chini ya kanali aitwaye Konrad kimegeuka kuwa utawala wa kutisha. Mchezaji huwa Kapteni Walker, aliyetumwa pamoja na wenzake wawili kwenda kutazama kumetokea nini, na kadiri anavyosonga mbele ndivyo anavyozidi kuua na kuharibikiwa na akili. Wanaoupenda huusifu kwa namna unavyomrudishia mchezaji lawama ya damu anayoimwaga, na katika hilo sina ugomvi nao. Katika Imarati uuzaji wake ulikatazwa, nalo pia silo neno langu leo. Neno langu ni mji.

Imani iliyo chini ya mchezo huo, na chini ya maneno ya mtangazaji, ni kongwe kuliko mashine zote za michezo. Ni imani kwamba jangwa ni utupu. Kwamba mwanadamu aliyejenga humo ni mgeni asiyealikwa. Kwamba mchanga umekaa pembeni ukimsubiri alale. Sisi tuliosoma jiografia katika vitabu vya zamani tulifundishwa hivyo hivyo, ukurasa mmoja wenye picha ya ngamia na vilima, kana kwamba nchi zote za ukame zilikuwa nchi moja isiyo na jina la mji wala mtu. Wasomaji wetu wa habari nao hawajatoka katika ukurasa ule: mpaka leo huniudhi kusikia tukio la Muscat, la Jeddah na la Basra yote yakisomwa kuwa yametokea "Uarabuni", ilhali tukio la Lindi hakuna anayethubutu kulisoma kuwa limetokea "Uafrikani".

Nasema, na nitarudia mpaka anisikie hata asiyetaka, kwamba mji wa jangwani huishi kwa maji na hufa kwa maji. Mchanga hauna neno katika jambo hilo.

Itazame Dubai yenyewe. Ni mji wa bahari. Katikati yake hori inaingia bara, Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili, na abra zinavusha watu kutwa kucha, kama zilivyokuwa zikivusha kabla hapajakuwa na mnara hata mmoja wa vioo. Riziki yake ya kwanza ilitoka chini ya maji, nayo ni lulu. Na pigo lake kubwa la karne ya ishirini lilikuja pale lulu za kufugwa za Wajapani na anguko la biashara la mwaka 1929 vilipoishusha thamani ya lulu ile, mji ukaingia katika njaa bila ya punje ya mchanga kumwagika mlangoni. Na uko kweli mchanga mmoja uliopata kuutishia mji huo, ila haukutoka jangwani: ulitoka baharini. Hori ilikuwa ikijaa mchanga, vyombo vikikwama, na jirani yake Sharjah, ambaye hori yake ilijaa kabla hajaokolewa, aliiona biashara yake ikihamia kwa mwenzake. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, mtawala wa Dubai, akakopa fedha kutoka Kuwait, na mwaka 1959 kazi ya kuchimba hori ikaanza. Mafuta yalikuwa hayajagunduliwa bado. Yaligunduliwa mwaka 1966. Bandari Rashid ikafunguliwa mwaka 1972, Jebel Ali ikafuata mwaka 1979. Mtu akiniuliza ni nini kilichoijenga Dubai, nitamwonyesha kina cha maji.

Mchanga wa jangwani wenyewe haukufaa hata kwa ujenzi. Chembe zake zimesuguliwa na upepo kwa karne nyingi hata zimekuwa mviringo, hazishikamani. Hivyo walipotaka kukijenga kile kisiwa chao cha umbo la mtende, Palm Jumeirah, ilibidi wauvute mchanga kutoka chini ya bahari ya Ghuba, kiasi cha mita za ujazo milioni 94. Mji tunaoambiwa kwamba umezingirwa na mchanga ukaenda kuutafuta mchanga chini ya maji! Na maji ya kunywa ya mji huo karibu yote ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali. Hapo ndipo roho ya Dubai ilipo, katika mabomba, wala si katika mnara wa mita 828 ambao kila mtu hupiga picha chini yake.

Kisha ikaja ile tarehe 16 Aprili 2024. Mvua iliyonyesha Imarati siku hiyo haikuwa na mfano tangu kumbukumbu zilipoanza kuandikwa mwaka 1949. Mahali paitwapo Khatm Al Shakla, katika Al Ain, zilipimwa milimita 254.8 kwa muda usiotimia siku moja, katika nchi ambayo mahali pengi humaliza mwaka mzima bila kufikisha milimita 100. Ndiyo siku ambayo jangwa lilishika silaha dhidi ya mji, na silaha hiyo ilikuwa maji. Mtangazaji wetu alikuwa na picha hizo mbele yake. Akazipita, akaenda kuusifu mchanga wa Berlin.

Wapo watakaonitajia Iramu, mji wenye nguzo, wa kaumu ya Adi, ambao hekaya zinasema umelala chini ya mchanga wa Rub al Khali, na ambao mchezo mwingine, Uncharted 3 wa mwaka 2011, uliufukua kwa matumizi ya vijana. Waislamu wenzangu wanaojua wanachokisoma wanajua kwamba Adi waliangamizwa kwa jeuri yao, wala hakuna aya iliyosema kosa lao lilikuwa kukaa jangwani. Ama kuhusu magofu ya Shisr katika Dhofar, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa picha za satelaiti, watu waliyachukulia kuwa ndiyo mji wa Ubar uliopotea, sababu ya kuanguka kwake imekaa wazi mbele ya kila anayefika: ngome ilisimama juu ya kisima, chini ya kisima palikuwa na pango, maji yakashuka, dari ya pango ikaporomoka na ngome ikaanguka ndani. Hata mji unaosingiziwa kumezwa na mchanga, basi, uliuawa na maji.

Mwingine ataniletea picha za kijiji cha Al Madam, Sharjah, ambacho mchanga umejaa vyumbani hata kufikia madirisha, na atadhani amenifunga kinywa. Namwuliza swali moja: nani alitangulia, mchanga kuingia au watu kutoka? Watu walitoka. Ni hivyo hivyo Kolmanskop katika Namibia, mji wa almasi ambao watu wake wa mwisho waliondoka mwaka 1956, na leo watalii hulipa kuzipiga picha sebule zake zenye vilima. Nyumba yoyote ulimwenguni isiyofagiliwa itaingiwa na kitu: Lamu itaingiwa na mkwamba, Ulaya na ukungu, Al Madam na mchanga. Hoja hii ni dhaifu kiasi kwamba naona haya kuijibu, lakini ndiyo inayosemwa kuliko zote.

Na hoja ya mwisho, kipenzi cha wavivu, ni kwamba "ni mchezo tu". Laiti ingekuwa hivyo! Mchezo tu hauwi ushahidi redioni. Mchezo tu haumfanyi kijana aliyelelewa kwa fedha inayotumwa kila mwezi na mjomba wake aseme kwamba anaijua Dubai kumshinda mjomba huyo, ambaye amelimwaga jasho lake kwa jua la Al Quoz. Ukitaka nikubali kwamba ni mchezo, ucheze, unyamaze.

Maana iko dhuluma nyingine hapa, nayo ndiyo inayonichoma zaidi. Waliotengeneza mchezo huo hawakuficha kwamba waliutoa katika Heart of Darkness, kitabu cha Joseph Conrad kilichotokana na safari yake ya Kongo ya mwaka 1890. Hata jina la kanali limetoka kwa mwandishi. Ule mto na ule msitu ukaondolewa, mchanga ukawekwa mahali pake, na kazi ikabaki ile ile: nchi ya watu wengine igeuzwe kuwa ukumbi ambamo mgeni mmoja anapotewa na akili yake, na wenyeji wapite nyuma yake wakiwa kundi lisilo na majina. Chinua Achebe aliulalamikia mtindo huu mwaka 1975 mbele ya wasomi wa Marekani, akiitetea Afrika. Baada ya miaka 37 mtindo umetoka Kongo ukahamia Ghuba, na vijana wetu, wajukuu wa wale wa kwanza kutendewa hivyo, ndio wanaoushangilia.

Sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili ujinga huu. Nyumba za kale za miji ya Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko yetu, zilizokatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, hata upana wa chumba huko ukafuata urefu wa boriti iliyopakiwa huku. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers wa Australia alikuwamo ndani ya jahazi la Wakuwait lililoshuka na kaskazi mpaka Rufiji kutafuta boriti hizo, kisha likangoja kusi limrudishe nahodha kwao, na alilolifanya nahodha yule babu zake walilifanya kabla yake. Mtu anayeingia leo mtaa wa Al Fahidi, chini ya minara ya upepo iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya Uajemi, na akainua macho kuitazama dari, huenda anaitazama miti ya kwao. Na watu wetu wako huko hai: wanaonunua bidhaa Deira na kujaza makontena, madereva, walinzi, mabinti wa kazi za nyumbani ambao mawakala wasio na haya huwapokonya pasipoti kabla hawajakiona chumba cha kulala. Tisa katika kumi ya wakazi wa mji ule ni watu waliotoka nchi nyingine kutafuta riziki. Mji wa namna hiyo si utupu. Mtu anayeutazama akaona mchanga, na asimwone Mmalabari, Mfilipino wala mtu wa Mombasa, ameamua kutoona.

Kwa insafu lazima niseme kwamba watengenezaji wenyewe waliigusa kweli mara moja. Iko sehemu ambamo jasusi aitwaye Riggs anayaharibu makusudi malori ya maji ya mji, ili waliobaki wafe wote na siri ife nao. Hapo, kwa muda mfupi, mchezo ulijua mji wa jangwani unauawa kwa nini. Kisha ukarudi kwenye vilima vyake, kwa kuwa vilima hupendeza machoni. Lau wangalikuwa na ujasiri wa kukaa hapo, wangalitengeneza kitu cha kuogofya kikweli: mitambo ya Jebel Ali imezimika kwa mafuta yaliyomwagika baharini na kufika midomoni mwa mabomba, joto la Agosti limepita nyuzi 45, mji wa watu zaidi ya milioni tatu na nusu una maji ya siku chache tu, na mchezaji hakupewa bunduki bali amepewa orodha ya mitaa na hesabu ya malori, aamue kama kambi za vibarua za Sonapur zitapata kabla ya mahoteli ya Jumeirah au baada yake. Mchezo huo ningemnunulia kijana yule kwa fedha yangu, na mtangazaji ningemtaka aucheze hewani, wasikilizaji wake wakimsikiliza anavyoamua.