Tuupime Umeme wa Jikoni

Kila alfajiri, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, mamilioni ya mama na dada zetu huwa wamekwisha kuwasha moto. Kuni huungua, maji huchemka, uji hupikwa. Lakini sehemu kubwa ya joto la moto ule haifiki chunguni. Hupita kando ya mafiga, hupaa darini pamoja na moshi, na kupotea. Mtu aliyetoa fedha zake kununua mkaa, au aliyetembea mwendo mrefu kutafuta kuni, amelilipia joto lote, naye amelitumia kidogo tu.

Ndiyo sababu swali hili huulizwa mara kwa mara, mikutanoni na katika karakana: je, joto hilo lipotealo haliwezi kugeuzwa likawa umeme? Jibu letu ni kwamba laweza, na jambo lenyewe si geni; limejulikana kwa zaidi ya miaka mia mbili. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. Yatupasa tuulize pia: ni umeme kiasi gani, wa kazi gani, na kwa faida ya nani? Leo twataka kulieleza jambo hili waziwazi, ili mwananchi akiletewa mlangoni kifaa cha namna hii ajue anachonunua, na kiongozi akisimama jukwaani kukisifu ajue anachosema.

Mwaka 1821, mjini Berlin, mtaalamu Thomas Johann Seebeck aliunganisha vipande vya metali mbili zisizofanana, vikafanya pete. Alipokipasha moto kiungio kimoja na kukiacha cha pili katika ubaridi, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Yeye mwenyewe alidhani ameona usumaku uliozaliwa na joto. Aliyetambua kwamba ule ulikuwa mkondo wa umeme ni Hans Christian Ørsted wa Denmark. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier akaona kinyume chake: mkondo wa umeme ukipitishwa katika viungio vya namna ile, kimoja hupata joto na cha pili hupoa.

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Umeme huu nao una mafiga matatu. La kwanza ni joto. La pili ni ubaridi. La tatu ni jozi ya vitu viwili visivyofanana. Ndani ya metali mna chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Upande mmoja ukipashwa moto na wa pili ukabaki baridi, chembe hizo husukumwa, na msukumo huo hutofautiana katika kila aina ya metali. Tofauti hiyo ndiyo iletayo mkondo. Pande zote mbili zikiwa na joto sawa, hata liwe kali namna gani, umeme hautoki. Wengi hulikumbuka figa la joto wakalisahau la ubaridi, kisha hushangaa kuona taa imezimika na hali moto ungali ukiwaka.

Kifaa kinachouzwa siku hizi ni bamba dogo la kauri, kwa kawaida lenye sentimita 4 kila upande. Ndani yake hupangwa jozi 127 za vipande vya mchanganyiko wa bismuthi na teluriamu. Tofauti ya joto baina ya pande mbili ikiwa digrii 100, jozi moja hutoa takriban sehemu nne za mia za volti moja. Zikifuatana zote 127, hupatikana volti 5 hivi kabla ya kufungwa taa au chombo kingine. Katika kila sehemu 100 za joto lipitalo, zigeukazo umeme ni 5, na mara nyingi hata hazifiki. Zile 95 zilizosalia lazima ziondolewe upande wa pili kwa maji, kwa mapezi ya metali au kwa upepo. Zisipoondolewa, upande wa baridi nao hupata moto na umeme hufifia.

Basi umeme huu ni mdogo. Hatusemi hivyo kwa kuudharau, kwani kidogo kilichowekwa mahali pake huokoa maisha. Tutazame mifano.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wapiganaji wa msituni katika Umoja wa Kisovieti walikuwa na redio za kupeleka habari, lakini hawakuwa na mahali pa kupata betri. Abram Ioffe na wenzake walitengeneza sufuria iliyofungwa viungio vya umeme chini yake. Moto uliwaka chini, na maji yakawa ndani. Maji yachemkayo hayapiti digrii 100, na kwa hiyo, yakilinganishwa na miali ya moto, yalikuwa ndiyo figa la ubaridi. Wapiganaji walipika, na redio ikanena. Katika miaka ya 1950 ikatokea taa ya mafuta iliyozungushiwa mapezi ya metali juu ya kioo chake. Ilitoa wati 3 hivi, zikatosha kuendesha redio katika nyumba za mashambani zisizo na umeme. Tuangalie hekima ya jambo hilo. Taa ile ilikuwa ikiwashwa vilevile kila jioni kwa ajili ya mwanga. Hapana aliyechoma mafuta ili apate umeme. Wala taa zile hazikuzuia nguzo na nyaya kupelekwa mashambani.

Mfano wa pili uko karibu na wafanyakazi wengi. Katika tanuri za chuma na za saruji, ambamo kipimajoto cha zebaki hakiwezi kutiwa, joto hupimwa kwa nyaya mbili za metali zisizofanana zilizounganishwa ncha. Umeme utokao pale ni mdogo mno, lakini humwambia mfanyakazi kama tanuri imepita kiasi. Majiko mengi ya gesi na mitambo mingi ya kuchemshia maji ina kiungio kama hicho. Mwali ukiwaka, umeme wa sehemu chache za elfu za volti huizuia vali isifunge. Mwali ukizimika, umeme hukoma, na vali hufunga gesi kabla haijajaa nyumbani. Meneja aachaye kipimo hicho kivunjike bila kukibadilisha hakuokoa fedha. Ameiweka roho ya mfanyakazi rehani. Kamati za wafanyakazi zina haki ya kulidai jambo hilo, na wajibu wa kulikagua.

Mfano wa tatu una sifa na onyo pamoja. Vyombo vya Marekani viitwavyo Voyager, vilivyorushwa angani mwaka 1977, vilikwenda mbali mno na jua hata nuru yake isifae kitu. Kila kimoja kilipewa mitambo mitatu ya umeme wa joto, iliyotoa jumla ya wati 470 hivi mwanzoni. Joto lake halikutoka katika moto, bali katika plutoniamu, madini yatoayo joto yenyewe kwa miaka mingi. Hata baada ya miaka 45 vyombo hivyo vilikuwa vikileta habari duniani, kwa kuwa mitambo hiyo haina gurudumu wala gia ya kuchakaa.

Lakini mwezi wa Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, watu watatu waliokwenda msituni kutafuta kuni waliona vyombo viwili ambavyo theluji ilikuwa imeyeyuka pembeni mwake. Hawakujua ni nini. Wakavichukua ili viwape joto usiku ule wa baridi. Kumbe vilikuwa vyanzo vya joto vya mitambo ya namna hiyo hiyo, vyenye strontiamu ya mionzi, vilivyoachwa tangu siku za Umoja wa Kisovieti. Wote watatu waliungua kwa mionzi, na mmoja wao akafariki mwaka 2004. Jiko la kuni halina hatari hiyo. Lakini fundisho ni la mitambo yote: aletaye mtambo na apewe pia jukumu la kuuondoa. Walioufunga walikuwa wataalamu. Walioumia walikuwa wakata kuni.

Sasa turudi jikoni kwetu. Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa jirani zetu. Katika miaka ya 2010, wataalamu wa Chuo cha Trinity cha Dublin walifunga vifaa hivi katika majiko ya udongo ya Malawi, na watu wa vijijini wakaweza kuchaji simu, taa na redio. Hivyo hatuzungumzi ndoto. Lakini na tuchukue kalamu tupige hesabu. Jiko litoalo wati 3, likiwashwa saa 3 kwa siku, hutoa wati-saa 9. Kiasi hicho huwasha taa ndogo ya wati 1 kwa saa 9. Hujaza simu ndogo ya kawaida, lakini simu kubwa za siku hizi, ambazo betri zake huchukua wati-saa 15 hivi, haitajaa. Pasi ya wati 1,000 ingeumaliza umeme wote wa siku kwa muda wa nusu dakika. Paneli ndogo ya jua ya wati 10, ikipata jua kali saa 5, hutoa wati-saa 50. Kwa hiyo mtu atakaye taa na simu tu, na jua analo, paneli itamfaa zaidi. Tukimwambia vingine tutakuwa tunamdanganya.

Iko wapi basi faida ya umeme wa jikoni? Iko katika moto wenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake. Walio karibu na moshi huo ni wapishi, na watoto wabebwao mgongoni. Feni ndogo, ya wati moja au mbili, ikipuliza hewa ndani ya jiko, kuni huungua vizuri zaidi na moshi hupungua sana. Bamba la umeme wa joto laweza kuiendesha feni hiyo bila betri ya kununua: moto ukiwaka, feni huzunguka, moto ukizimwa, nayo hupumzika. Feni hiyo hiyo hulipoza bamba, na hivyo figa la ubaridi hupatikana. Katika kazi hii wati mbili zina thamani kuliko katika simu, maana zinalinda mapafu ya mama.

Hata hivyo, tusilifanye jiko la feni kuwa mwisho wa safari. Moshi hupungua, hauishi. Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imeweka lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jiko la feni ni daraja la kuvukia kwa wale ambao gesi na umeme havijawafikia, na daraja halijengwi ili watu wakae juu yake.

Hapa ndipo tunapotaka viongozi watusikilize. Wati tatu zisigeuzwe kuwa kisingizio. Asitokee mtu wa kumwambia mwanakijiji kwamba kwa kuwa jiko lake lachaji simu, basi amekwisha kupata umeme, na nguzo zingoje. Zahanati haiwezi kuhifadhi chanjo kwa wati tatu. Mashine ya kusaga haizunguki kwa wati tatu. Anayeishi mashambani hana haki ndogo kuliko anayeishi mjini, na fungu lake la umeme wa taifa halipimwi kwa moto wa kuni zake mwenyewe.

Na vyama vya ushirika, na vikundi vya akina mama vitakavyoletewa majiko haya, tunavishauri vimuulize muuzaji maswali manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, jiko hutoa wati ngapi baada ya saa nzima ya kupika, si katika dakika za mwanzo? Liwashwe mbele yenu, lipimwe. Pili, upande wa baridi unapozwa na nini? Tatu, likiharibika, fundi yuko wapi na vipuri viko wapi? Nne, kwa bei hiyo hiyo paneli ya jua ingetupa nini? Muuzaji mkweli atajibu yote manne. Asiyejibu na apewe kwaheri.

Shule zetu za ufundi nazo zisikae kando. Kuyapasha moto makutano ya nyaya mbili na kuona sindano ya kipimo ikisogea ni somo lisilohitaji maabara ya fahari. Kijana aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hadanganyiki upesi. Naye kesho ndiye atakayelitengeneza jiko litakapoharibika, badala ya kulitupa jalalani.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti mtu ajue ukubwa wa kibaba chake. Umeme wa joto ni haba. Tuutie mahali ambapo haba yatosha: katika feni ya jiko na katika kipimo cha tanuri. Kibaba chenyewe, yaani umeme wa kusaga, wa kutibu na wa kufanyia kazi, tuendelee kuudai na kuujenga kwa nguzo na nyaya.